Je, wajua kwa nini mtu mwenye akili zake analea paka kama mwanawe?

Siku hizi hapa Tanga ukipita Chuda, Raskazone, Makorora, kote huko utakuta nyumba ambayo paka ana sahani yake, ana taulo lake, ana jina la binadamu na usiku analala kitandani, na mwenye nyumba akirudi kazini kitu cha kwanza anauliza "mwanangu kala?" na anaeulizwa anajua kabisa sio mtoto anaesemwa. Wengine mbwa akifikisha mwaka wanamposti stetasi na keki pembeni. Afu wazee wakiona hivyo wanaguna, huyu kakosa wa kulea, si azae tu. Mimi naona hapo wazee hawajatenda haki, maana hili jambo lina sababu za mwilini kabisa, sio kuiga wazungu wala mambo ya mitandao.

Tuanze na sura. Mwaka 1943 mtaalamu mmoja wa Austria, Konrad Lorenz, alieleza kwamba kuna umbo fulani likipita mbele ya macho ya binadamu basi huruma inaamka yenyewe: kichwa kikubwa kuliko mwili, paji pana, macho makubwa yaliyokaa chini kidogo usoni, mashavu ya mviringo, pua ndogo. Hilo ndo umbo la mtoto mchanga, na tumeumbwa hivyo ili tusimuache mtoto akalia peke yake. Sasa mtazame paka usoni. Hata akiwa mzima, ameshazaa mara tatu, bado ana macho yale yale na uso ule ule wa duara, na ubongo wako hausubiri kuuliza huyu ni wa nani wala ni kiumbe gani, unaanza kuhurumia kwanza.

Halafu kuna sauti, na hapa mi ndo napapenda zaidi. Paka wakubwa wakiwa wenyewe kwa wenyewe hawana tabia ya kuambiana nyau nyau, watafokeana, watapigana juu ya bati usiku kucha, lakini ile nyau ya kuomba ni kilio cha kitoto anachomlilia mama yake, na akikua kwa mama anakiacha ila kwetu anaendelea nacho maisha yake yote. Yaani kwako wewe anabaki mtoto. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex kule Uingereza, wakiongozwa na Karen McComb, walirekodi ule mkoromo wa paka anapojisugua miguuni asubuhi akitaka chakula, wakakuta ndani yake kumefichwa sauti nyembamba inayokaribiana na kilio cha mtoto mchanga, na walipowasikilizisha watu, hata ambao hawajawahi kufuga paka walisema mkoromo huu una haraka ndani yake kuliko ule wa paka aliyetulia tu. Ndo maana huwezi kulala akianza.

Mbwa yeye njia yake ni macho. Mwaka 2015 Miho Nagasawa na wenzake wa Chuo Kikuu cha Azabu, Japani, walipima homoni inaitwa oksitosini, hii hii inayomtoka mama anaponyonyesha na inayomfunga mama na mtoto wake, wakaona mbwa na mwenye mbwa wakitazamana kwa muda homoni inapanda kwa wote wawili, mtu na mnyama. Wakajaribu na mbwa mwitu, wale wa nchi za baridi wanaoitwa "wolf", waliolelewa na watu tangu wadogo, haikuwa hivyo. Mwaka 2019 watafiti wengine wakaja kupasua misuli ya uso, wakakuta mbwa ana msuli wa kunyanyua nyusi upande wa ndani, ule unaofanya macho yaonekane makubwa na yenye huzuni, na kwa mbwa mwitu msuli huo haujakamilika. Maana yake kwa maelfu ya miaka tuliyoishi nao, wale waliotutazama vile ndio tuliowalisha, wakazaa, na sura ikabaki.

Na mambo haya hayakuanza jana. Kule Ujerumani, mahali panaitwa Bonn-Oberkassel, mwaka 1914 lilifukuliwa kaburi la miaka kama 14,000 iliyopita, ndani yake watu wawili na mbwa mdogo wa miezi kama saba. Meno ya yule mbwa yalipochunguzwa vizuri miaka ya karibuni yakaonyesha aliugua sana alipokuwa mdogo, ugonjwa ambao bila mtu kumlisha, kumpa maji na kumsafisha asingefika umri ule. Hakuwa na kazi yoyote ya kuwafanyia akiwa hali hiyo, hawindi, halindi. Waliomuuguza walimuuguza kwa sababu walimpenda, mimi sioni maelezo mengine.

Lakini je, ni sawa sawa kabisa na mtoto? Hapana, na mwili unajua. Mwaka 2014 hospitali ya Massachusetts General kule Marekani waliwapiga picha za ubongo akina mama wachache ambao wana mtoto na wana mbwa, wakawaonyesha picha za wote wawili. Sehemu nyingi za hisia ziliwaka kwa mtoto na kwa mbwa, ila kuna sehemu iliwaka kwa mtoto tu. Na hata mdomo unajua. Mwaka 2002 watafiti huko Australia waligundua kwamba tunapoongea na paka au mbwa tunapandisha sauti kama tunavyoongea na kichanga, lakini zile irabu ambazo kwa mtoto tunazivuta na kuzitamka wazi ili ajifunze kusema, kwa mnyama hatuzivuti, wala hatufikirii. Moyo unabembeleza huku akili ikijua huyu hatokuja kusema.

Sasa hii hoja ya "si azae" inatoka wapi? Inatoka nchi ambazo watoto kweli wamepungua. Korea Kusini mwaka 2023 kiwango cha uzazi kilishuka mpaka 0.72 kwa mwanamke, na vigari vya kusukumia mbwa vikaanza kuuzwa kuliko vya watoto kwenye duka moja kubwa la mtandaoni. Januari 2022 Papa Francis nae alisema hadharani kwamba watu kufuga mbwa na paka badala ya kuzaa ni ubinafsi. Ila kwetu hapa hesabu ni nyingine, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha mwanamke wa Tanzania anazaa wastani wa watoto 4.8, na nyumba nyingi za Ngamiani zenye paka anaedekezwa zina watoto tele wanaogombania kumbeba. Anaemdekeza zaidi mara nyingi ni bibi ambae wanawe wameshaenda Dar na simu wanapiga Ijumaa kwa Ijumaa, au binti kapanga chumba kimoja, katoka zamu ya usiku, na anaemngoja mlangoni ni yule. Hao hawajaacha kuzaa ili wafuge paka.

Na pwani tuna jambo letu pia. Paka kwetu kaingia ndani kwa ruhusa, kuna hadithi ya Mtume kwamba paka si najisi, ni katika wanaowazungukia majumbani, na kuna ile ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila chakula. Mbwa, mate yake chombo huoshwa mara saba, kwa hiyo nyumba nyingi za Kiislamu hapa mbwa anakaa getini, lakini hadithi ya mtu aliyesamehewa kwa kumchotea maji mbwa mwenye kiu nayo ipo na inasomwa. Kwa hiyo kumhurumia mnyama hakuna mgeni wa kuja kutufundisha.

Ninapopata wasiwasi mimi ni pale mapenzi ya mtoto yanapogeuka kuwa dawa ya mtoto na chakula cha mtoto. Paka akipata homa usimpe panadol jamani, hata nusu, ini lake halina uwezo wa kuivunja kama letu, damu inaharibika, fizi zinageuka rangi, uso unavimba na anakufa, kidonge kimoja tu kinatosha kumuua. Zile dawa za kuua vijidudu zinazogeuka nyeupe kwenye maji ya kuoga nazo ni sumu kwake, maana akishaoga anajilamba. Pilau la jana lina vitunguu maji na saumu, vyote vinaharibu damu ya paka na ya mbwa. Chokoleti ya keki ya besdei ni sumu kwa mbwa. Maziwa wengi wakishakua yanawaharisha. Na paka hawezi kuishi kwa uji na ugali mtupu, mwili wake unahitaji nyama au samaki, changanya dagaa wa kutosha, usiweke chumvi. Vile visweta vya mbwa navyo kwa joto letu la Februari ni mateso, mbwa hatoki jasho ngozini kama wewe, anapoa kwa kuhema.

Chanjo ya kichaa cha mbwa wapewe wote, mbwa na paka, kuanzia miezi mitatu kisha kila mwaka, kwa daktari wa mifugo. Akikung'ata au kukuparura mnyama usiyemjua, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 uende hospitali siku hiyo hiyo, maana dalili zikishaanza karibu hakuna anaepona.

Na kuna hili la viroba. Paka akizaa ndani, watoto wanawekwa kwenye kiroba wanaenda kutupwa sokoni au kule Deep Sea kwa wavuvi, eti watakula vichwa vya samaki. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oregon State waliwapima paka kwa kipimo kile kile wanachopimia watoto wachanga, wakakuta takriban asilimia 65 wana mfungamano salama na mlezi wao, karibu sawa na watoto wa binadamu, kwa hiyo huyo unaemtupa, au unaemuacha ukihama nyumba, usidhani kwake wewe ni mtu yeyote tu. Paka jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano tu, anabeba kama miezi miwili, kisha anaanza tena. Mpeleke akahasiwe mapema, dume anaweza kurudi nyumbani siku ile ile, jike nae jioni au kesho yake ila kidonda chake kikubwa zaidi, mtunze asikilambe mpaka nyuzi zitoke.