Mapambo ya Krismasi ya Mabaki ya Ngozi: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Husemwa mara nyingi kwamba nyota au malaika wa kutundikwa kwenye mti wa Krismasi, akiwa ametengenezwa kwa mabaki ya ngozi, ni kitu cha daraja la chini. Ukweli ni kwamba mabaki hayaepukiki hata ngozi iwe bora kiasi gani, kwa sababu ngozi ya ng'ombe haina umbo la mraba na soli za makubadhi, yaani viatu vya wazi vya ngozi, zinazokatwa humo zina kingo zilizopinda. Kipande kinachobaki kati ya soli mbili mara nyingi kimetoka mgongoni, mahali palipokaza kuliko tumboni, ambako ngozi hulegea na kuvutika. Kwa pambo lisilozidi kiganja, hicho kinatosha kabisa.

Dhana inayowaharibia kazi wanaoanza ni ile ya kudhani kwamba ngozi zote ni sawa. Ngozi iliyodabaghiwa, yaani iliyotibiwa isioze, kwa magome ya miti, kama vile miwati inayopandwa Njombe, hunywa maji, hulainika na kupokea muhuri, na ikishakauka alama hubaki palepale. Ngozi iliyodabaghiwa kwa chumvi za kromiamu, njia iliyoenea tangu mwishoni mwa karne ya 19 na ambayo leo hutumika kwa sehemu kubwa ya ngozi duniani, ni laini na hurudi ilivyokuwa, hivyo alama ya muhuri hufifia. Kabla ya kuanza kazi, tazama ukingo uliokatwa: ule wa magome huwa wa kahawia mpaka ndani, ilhali ule wa kromiamu mara nyingi huwa na mstari wa kijivu au wa samawati katikati. Hiyo ya pili isitupwe, kwani hufaa sana kwa vishada na kwa nyota za kushonwa na kujazwa pamba.

Mwaka mmoja nilitoboa nyota za ngozi ya magome zikiwa bado zimerowa, nikaacha msumari wa chuma ndani ya kila tundu ili lisizibe. Asubuhi nilikuta kila tundu limezungukwa na doa jeusi lenye ubuluu, na jirani akaniambia ni kuvu. Haikuwa kuvu. Tanini, yaani kemikali ya magome iliyomo katika ngozi hiyo, ikikutana na chuma penye unyevu hutoa weusi, na ni weusi uleule uliotumiwa kwa karne nyingi kutengeneza wino. Doa hilo halifutiki kwa kitambaa. Tangu hapo natoboa kwa msharasi na kuutoa papo hapo, na kulabu za kutundikia ni za shaba.

Wapo pia wanaochoma chembe zinazosalia, wakiamini kwamba kitu cha asili hakina madhara. Naomba wasifanye hivyo, hasa jikoni na penye watoto. Ngozi ya kromiamu ikiungua, sehemu ya madini hayo yaweza kugeuka kuwa aina yenye sumu inayosababisha saratani, nayo hubaki katika majivu.

Baada ya sikukuu, wengi huyafunga mapambo katika mfuko wa plastiki wakidhani wanayakinga. Mfuko hufungia unyevu ndani, na kwa joto la pwani ndipo kuvu halisi huota. Yavingirishwe kwa kitambaa cha pamba na kuwekwa kwenye kikapu kinachopitisha hewa, mbali na ukuta unaovuja.