Uhandisi Unaolipa: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Dhana: Soma uhandisi wa mafuta, pesa iko huko.

Mishahara ya mafuta na gesi ni mikubwa kweli, ila hupanda na kushuka na bei ya pipa. Katikati ya 2014 pipa la Brent, mafuta ghafi ambayo bei yake hutumika kama kipimo duniani, liliuzwa zaidi ya dola 110. Januari 2016 likawa chini ya dola 30, na kampuni zikapunguza wafanyakazi kwa maelfu, wahandisi wakiwemo. Aliyeingia chuoni 2011 akifuata mishahara ya wakati ule alihitimu milango ikifungwa.

Kisha kuna hesabu ambayo wengi huikosea. Anayefanya kazi baharini siku 28 kwa zamu za saa 12, kisha akapumzika siku 28, hufanya saa 336 ndani ya siku 56. Wa ofisini, kwa saa 40 kwa wiki, hufanya 320. Saa zinakaribiana, kinacholipiwa zaidi ni hatari na kuwa mbali na nyumbani. Kabla ya kusaini, uliza kama siku za mapumziko zinalipwa. Wafanyakazi wengi wa mkataba hulipwa siku za kazini tu, kwa hiyo kiwango cha siku kizidishwe mara 182 hivi, si 365.

Dhana: Wahandisi wa ujenzi hawalipwi vizuri.

Anayesimamia umwagaji zege peke yake hulipwa kawaida, hilo halina ubishi. Pesa nzuri iko kwenye madai ya mkataba, yaani kudai muda au malipo ya ziada, upande ambao vyuo vingi huugusa juu juu tu. Chini ya mikataba ya 1999 ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, mkandarasi aliyekuta, tuseme, mwamba usiotarajiwa ana siku 28 za kutoa taarifa, tangu alipojua au alipopaswa kujua. Zikipita, hupoteza haki ya kuongezewa muda na malipo. Barua moja iliyochelewa yaweza kumeza faida ya mradi mzima.

Mara nyingi hata barua ikienda kwa wakati, madai huanguka kwa kukosa kumbukumbu za kila siku: mitambo mingapi ilisimama, kwa saa ngapi, watu wangapi walikuwepo, mvua ilinyesha lini. Mhandisi anayejua kuzipanga kumbukumbu hizo dhidi ya ratiba ya kazi, na kuonyesha ni ucheleweshaji upi hasa uliosogeza tarehe ya mwisho, hutafutwa na mkandarasi na mwenye mradi pia.

Dhana: Kubuni ndiko kunakolipa, kukagua ni kazi ya wanaoanza.

Kwenye chipu, ukaguzi wa usanifu mara nyingi hula muda mwingi kuliko usanifu wenyewe. Mwaka 1994 iligundulika kwamba prosesa ya Pentium ya Intel hukosea baadhi ya hesabu za kugawanya, kwa sababu nafasi 5 kati ya 1,066 kwenye jedwali lake la ndani zilikuwa zimeachwa tupu. Intel ilitenga dola milioni 475 kugharimia kosa hilo. Kasoro iliyochongwa kwenye silikoni hairekebishwi kama ya programu ya simu, ndiyo maana mkaguzi hodari hulipwa sawa na msanifu, pengine zaidi. Anayetaka njia hii ajifunze SystemVerilog, lugha ya kusanifu na kukagua chipu, lakini azoee zaidi kujiuliza ni hali gani ambayo bado haijajaribiwa.

Dhana: Kwenye udhibiti wa mitambo, ukijua kuandika programu ya PLC (kompyuta ndogo inayoendesha mitambo) inatosha.

Lugha ya PLC hujifunzwa kwa miezi michache. Anayelipwa ni yule anayejua kinachotokea nje ya kabati inamokaa PLC. Kifaa cha kupima kina cha tangi hutuma mkondo wa umeme wa miliampea 4 hadi 20: 4 ni tupu, 12 ni nusu, 20 limejaa. Waya ukikatika, mkondo huwa sifuri. Programu iliyoandikwa bila uangalifu husoma sifuri hiyo kuwa tangi tupu, ikawasha pampu, tangi lililojaa likafurika. Aliyekomaa huweka kizingiti: chochote chini ya 3.6 kihesabiwe hitilafu, pampu isimame, kengele ilie. Kama kinachofurika ni kemikali, utaelewa kwa nini wenye kiwanda hawambanii mtu huyo.

Dhana: Lazima uwe meneja ndipo upande.

Si kila mahali. Kampuni nyingi kubwa zina ngazi ya kitaalamu inayokwenda sambamba na ya uongozi. Uliza kwenye usaili kama ipo, na kama kuna mtu aliyefika juu yake.

Dhana: Shahada yangu itatambulika popote.

Makubaliano ya Washington ya 1989 hutambua kozi zilizoidhinishwa na vyombo vya nchi wanachama, kwa kawaida kuanzia mwaka nchi ilipojiunga. Chuo kuwa maarufu hakutoshi. Kozi yenyewe ndiyo huidhinishwa. Tena shahada si leseni: Marekani, kwa mfano, kwa kawaida hudai mitihani miwili na takriban miaka 4 ya kazi kabla hujaruhusiwa kusaini michoro. Tunza maelezo ya kila mradi, wajibu wako na jina la aliyekusimamia tangu mwaka wa kwanza kazini, kwa sababu bodi za kusajili wahandisi huyadai, na msimamizi aliyehama kampuni ni vigumu kumpata.