Slabu ya mwezi mmoja haijakauka

Wiki jana mama mmoja wa Milimani, Kisumu, aliniuliza lile swali: "Fundi, slabu ina mwezi mzima, imekuwa nyeupe kabisa. Mbona hutandiki mbao za sakafu?" Nimelijibu mara nyingi mno mwaka huu.

Siku 28 za kukomaza konkriti ni za nguvu, si za ukavu. Tena siku hizo huwa tunaimwagilia maji makusudi. Mfuko wa simiti wa kilo 50 hushikana na takriban lita 12 za maji. Fundi hutia 25 hadi 30 ili konkriti ilainike na kusawazishika. Yaliyobaki hayana pa kwenda ila juu, kwani chini ya slabu kuna nailoni ya kuzuia unyevu wa ardhi. Sisi huhesabu mwezi mmoja kwa kila inchi: slabu ya inchi nne, miezi minne, na plasta ya sakafu ina muda wake juu ya huo. Tena usianze kuhesabu siku ya kumwaga. Anza siku paa limefunika na madirisha yametiwa vioo, maana mvua ya Aprili ikiiloweka umerudi nyuma.

Weupe ni wa juu tu. Kule Riat nilikuta mbao za mvule zimejikunja kama mtumbwi, kingo juu, katikati pamezama. Niling'oa moja: juu vanishi inang'aa, chini nyeusi, inanuka ukungu, gundi imelainika kama uji. Mwenye nyumba alisimama mlangoni bila neno. Pesa yake ilikuwa pale chini, na iliniuma, kwa sababu miezi mitatu ya subira ingeiokoa.

Kujua kama slabu imekauka, kata nailoni angavu nusu mita kwa nusu mita, itandike juu yake, ifunge kingo zote kwa selotepu, iache mpaka kesho yake. Ukikuta matone, au konkriti imegeuka nyeusi, ngoja. Ikiwa kavu, bado mwite mwenye mashine atoboe tundu hadi asilimia 40 ya unene wa slabu apime unyevu wa hewa iliyo ndani ya tundu. Ikizidi asilimia 75, mimi siweki ubao.

Wenye nyumba huniambia: "Vanishi itazuia maji." Vanishi iko juu, maji yanatoka chini.

"Mbao ngumu haivimbi." Mvule huvimba, mahogani huvimba. Acha nafasi ya milimita 12 kila ukuta, skatingi, ule ubao wa chini ya ukuta, itaziba. Na mbao zilale chumbani humo wiki mbili kabla ya kazi, zizoee hewa ya hapo. Za stoo ya Nakuru si sawa na za kando ya ziwa.

"Nailoni iliwekwa, nina hakika." Iliyotobolewa na nyayo na vyuma haizuii kitu. Piga picha kabla konkriti haijamwagwa, kila kiungo na kila kona, uhifadhi kwenye simu. Yule mama hakuwa na picha, kwa hiyo Jumamosi nakwenda Milimani na selotepu yangu.