Milioni na moja: namba inayodanganya macho

Dhana: 1,000,001 inaishia na 1, na jumla ya tarakimu zake ni 2, basi ni namba tasa.

Tarakimu ya mwisho inaondoa 2 na 5 tu, na jumla ya tarakimu inaondoa 3 na 9. Kuhusu 7, 11, 13 na kuendelea bado hujasema kitu. Ukweli ni kwamba 1,000,001 = 101 × 9,901, zote mbili tasa. Chukua miche ya mizabibu 1,000,001 uipeleke Mpunguzi, Dodoma, uipande kwa mistari iliyo sawa bila kubakiza mche. Ukiacha mstari mmoja mrefu, utapata mistari 101 ya miche 9,901, au kinyume chake, basi. (Mche hadi mche ukiacha mita 2, mstari wa miche 9,901 unafika kilomita 19.8. Shamba hilo utalitafuta.)

Dhana: 1,001 inagawanyika kwa 7, 11 na 13, kwa hiyo na hii vilevile.

Kata namba tatu tatu kuanzia kulia, toa na ujumlishe kwa zamu: 001 − 000 + 1 = 2. Ukigawanya kwa 7, kwa 11 au kwa 13, baki ni 2. Wengi hukimbilia 11 kwa kuwa namba inasomeka sawa kutoka pande zote mbili; kanuni hiyo inashika idadi ya tarakimu ikiwa shufwa, kama 100,001 = 11 × 9,091. Hapa tarakimu ni saba. Sasa kata mbili mbili, kipimo cha 101: 01 − 00 + 00 − 1 = 0. Sifuri hiyo ndiyo inayoifichua 101.

Dhana: lazima ujaribu vigawo hadi nusu yake.

Inatosha kufika kwenye kipeuo cha pili, yaani 1,000 na ushee, na kujaribu namba tasa peke yake. Chini ya 1,000 zipo 168, na 101 ni ya 26. Anayeikumbuka aljebra hagawanyi hata mara moja: 100³ + 1³ = (100 + 1)(100² − 100 + 1).

Dhana: ni 1,000² + 1², na hakuna miraba miwili mingine.

Ipo: 980² + 199², yaani 960,400 + 39,601. Inatokana na vigawo vyenyewe, kwani 101 = 10² + 1² na 9,901 = 99² + 10². Ukichanganya kwa kujumlisha, 10 × 99 + 1 × 10 = 1,000 na 10 × 10 − 1 × 99 = 1. Ukibadili alama, unapata 980 na 199. Hii ndiyo sifa tamu kuliko zote za namba hii.

Dhana: 1 ÷ 1,000,001 ni 0.0000009, kikokotoo kimesema.

Kikokotoo cha tarakimu 8 kinachokata mkia bila kukadiria ndicho kitakachoonyesha hivyo. Jibu ni 0.000000999999000000999999…, tarakimu 12 zinazojirudia, kwa sababu 999,999 × 1,000,001 = 999,999,999,999.