Vifaa vya umeme wetu havitoki vyote ng'ambo

Tangu zamani husemwa kwamba Tanzania, ikitaka kupanua umeme, lazima iagize kila kitu nje. Si kweli. Nguzo nyingi za miti ni mikaratusi ya Nyanda za Juu Kusini, Mufindi hasa: hukatwa, hukaushwa, kisha husukumiwa dawa kwa shinikizo ili mchwa wasiziguse. Ni kazi ya ustadi, nayo inastahili heshima. Transfoma huundwa Arusha, kiwandani TANELEC. Nyaya nazo huzalishwa nchini.

Pengo lipo kwenye mitambo mikubwa. Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, lilijengwa na makandarasi wa Misri, na mitambo yake 9 iliagizwa. Hata transfoma za Arusha hutegemea chuma maalumu cha kiini (sehemu ya ndani inayozungushiwa nyaya) kutoka nje.