Lambo la kijijini: tunayodanganyana kuhusu samaki, kichocho na kulala kwenye hema

Mvua zikijaza lambo kule kwetu Usukumani, wiki chache tu unakuta watoto wameshakaa na ndoano, afu wazee wanakwambia hao samaki wameshuka na mvua. Niliiamini hiyo mpaka nimeota ndevu. Kiukweli hakuna aliyeshuka. Kamongo maji yakikauka anajichimbia kwenye tope anajizungushia ute unakauka kama mfuko, anaacha katundu ka kupumulia na anakaa humo miezi. Kambale yeye ana kiungo cha kuvutia hewa ya juu, usiku wa mvua anajiburuza kwenye majani mabichi toka dimbwi hili kwenda lile, na wengine wanapanda tu na mkondo wa korongo likifurika.

Eti usiku ndo kila samaki anakula. Kambale sawa, ananusa na kupapasa na zile sharubu zake, mtupie utumbo wa kuku gizani atakuja. Perege anatumia macho, kwahiyo mvue mchana, tena kwa ndoano ndogo maana mdomo wake mdogo. Jamaa yangu aliweka ndoano ya kambale akashinda anaangalia chelezo chake cha kipande cha kandambili kinacheza cheza tu, nyungunyungu zinaisha moja moja, jioni akasema lambo lina wenyewe. Wenyewe gani!

Sasa hii ya kichocho ndo inaniudhi kabisa. Watu wanasema ukioga usikojoe majini, vijidudu vitapanda kupitia mkojo. Hapana. Vinatoka kwenye konokono wa majini na vinapenya ngozi nzima nzima, hata ukisimama tu maji ya magoti dakika chache unatoa mshipi ulionasa kwenye magugu, na maji kuwa meupe hakusaidii kitu. Kibaya zaidi vinatoka kwa wingi jua likiwa kali, kati ya saa 4 asubuhi na saa 9 alasiri, muda uleule watu wanaoona joto wanaingia kuogelea. Kukojoa majini ni kosa kweli, ila kwa sababu mgonjwa anarudisha mayai kwa konokono na wenzake ndo wanaumia. Ukitaka kuoga chota kwenye ndoo bila konokono, yakae siku 2 au yachemshe.

Moshi wa mavi ya ng'ombe unafukuza mbu, nakubali, mpaka unapozima saa 8 usiku wewe unakoroma, na mbu wa malaria muda huo ndo yuko kazini. Chandarua, au hema lenye wavu na zipu ifungwe mpaka mwisho.

Na jiko la mkaa usiingize ndani ya hema ukasema mbona halitoi moshi. Ile hewa yake ya sumu haina harufu wala haionekani, usingizi unakuchukua moja kwa moja. Likae nje na sufuria lake la perege, baridi ikizidi vaa sweta mbili.