Je, mawazo ndiyo yanayoleta presha na vidonda vya tumbo?

Nikiwa na mawazo moyo unakwenda mbio na tumbo linavuruga. Kwa nini?

Tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo humwaga adrenalini, homoni ya kuuandaa mwili kwa hatari. Moyo hudunda kasi, mishipa hubana, presha hupanda, na damu hupungua tumboni ili iende kwenye misuli. Hofu ikipita, mwili hutulia. Lakini kodi ya nyumba inayodaiwa haipiti kwa dakika kumi. Homoni ya kotisoli ikikaa juu wiki baada ya wiki, usingizi hukatika, sukari hupanda na kinga hudhoofika.

Basi vidonda vyangu vya tumbo vimetokana na mawazo?

Mara nyingi sivyo, na imani hii inawachelewesha watu wengi kutibiwa. Chanzo kikubwa ni bakteria Helicobacter pylori. Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kumgundua. Chanzo kingine ni dawa za maumivu kama diklofenaki, ibuprofeni na aspirini zinazomezwa kila mara. Mawazo huzidisha maumivu, ila kuyapunguza hakumuui bakteria. Omba kipimo cha kinyesi au cha pumzi. Kama unatumia omeprazole, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, sema mapema: humficha bakteria, hivyo kwa kawaida huachwa wiki 2 kabla ya kupima. Akionekana, utapewa antibiotiki pamoja na dawa ya kupunguza asidi, mara nyingi kwa siku 14. Ukiacha siku ya tano kwa kuwa maumivu yamepoa, bakteria anayebaki anaweza kuwa sugu kwa dawa. Choo cheusi kama lami au kutapika damu ni hospitali siku hiyohiyo.

Kliniki nimepimwa 160/95. Ni presha au woga?

Woga peke yake unaweza kuipandisha. Kojoa kwanza, kaa dakika 5 umeegemea kiti, miguu chini, mkono usawa wa moyo, usiongee. Pima mara mbili, dakika moja katikati. Ikibaki 140/90 au zaidi siku tofauti, hiyo ni presha, na dawa yake hunywewa kila siku, si siku za mawazo tu.

Nyumbani nifanye nini?

Vuta pumzi kwa pua ukihesabu 4, itoe ukihesabu 6, kwa dakika 5. Ukipata kizunguzungu unavuta kwa nguvu mno, legeza. Ila kifua kikibana na maumivu kwenda mkononi au tayani, usikae kuhesabu pumzi. Nenda hospitali.